Cheti cha Shati Jeupe

Machi 2, Jumatatu

Mkwe wangu amenipa daftari hili asubuhi, jipya, na kalamu ameifunga kwa kamba kana kwamba nitaiiba. "Baba," kasema, "uandike humu. Tarehe, nyumba tunayofanya, cheti kimetoka saa ngapi, kimerudi saa ngapi. Basi. Hayo mambo yako mengine usiandike."

Hayo mambo yangu mengine ndiyo nitakayoandika. Niliacha shule darasa la tano, kwa makubaliano kamili kati yangu na mwalimu, na tangu siku ile hakuna mtu aliyewahi kunipa daftari.

Kwanza nieleze kazi. Mvua ikinyesha, nyumba za watu zinaingia maji. Maji yakitoka, tunaingia sisi. Tunang'oa dari iliyolowa, tunakwangua plasta, tunawasha feni na mashine ya kukausha mpaka ukuta ukauke, halafu tunapaka rangi, na mwenye nyumba anasahau kwamba alilia. Fundi mkuu ni mkwe wangu, mume wa binti yangu, ambaye naishi kwake katika chumba cha uani pamoja na ngazi na makopo ya rangi. Mimi ni mlinzi wa mashine. Nakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa na kusikiliza feni.

Siku hizi hufunguliwi mlango bila cheti cha bima. Ni karatasi inayosema hivi: hawa mafundi wakikuunguzia, wakikuvunjia, wakikuangushia dari kichwani, kampuni ya bima italipa. Mkwe wangu hana. Alikuwa nacho, kikaisha muda, akakiacha kife. Mwenye nacho ni Shati Jeupe, kontrakta wa mtaa wa juu, ambaye sijapata kumwona na tone la rangi mwilini. Anatuazima chake, na kila kazi ikiisha anakula theluthi. Fotokopi watu hawaitaki, maana mhuri wa bima umebonyezwa kwenye karatasi, unaupapasa kwa kidole, na fotokopi haina cha kupapasa. Kwa hiyo kazi yangu ya pili ni kukichukua kwake, kukionyesha, na kukirudisha. Tupo makundi matatu ya mafundi na cheti kimoja, kama ndugu watatu wenye suruali moja ya kutokea.

Machi 3

Mvua. Cheti hakikutoka. Mimi pia.

Machi 5

Cheti kimetoka saa mbili asubuhi, kimerudi saa tano. Mwenye nyumba ni karani wa posta, mtu wa kusoma hadi nukta. "Mbona hapa kuna jina lingine?" Mkwe wangu hakupepesa jicho: "Hiyo ndiyo kampuni mama." Njiani nikamuuliza baba wa hiyo kampuni ni nani. Hakucheka. Huyu kijana alioa kwangu akiwa na meno yote nje kwa kucheka, sijui ameyaweka wapi.

Machi 8

Mvua. Binti yangu amepika bila chumvi. Nimesema, akasema mimi ndiye mwenye shinikizo la damu. Sasa nyumba nzima tunakula ugonjwa wangu.

Machi 11, Jumatano

Cheti kimetoka saa mbili na nusu, kwa taabu. Shati Jeupe alikuwa mlangoni kwake na kikombe cha chai.

"Mzee, juzi umekirudisha kina alama ya kidole."

"Cha nani?"

"Chako."

"Basi shukuru. Kampuni yako sasa ina mtu mmoja anayejichafua."

Akanipa cheti ndani ya plastiki yake bila kunitazama.

Nyumba ya leo ni ya mjane, mkunga mstaafu. Amezalisha wanawake miaka thelathini na moja, na mgongo wake umenyooka kuliko kuta zake. Maji yalipita chumba cha nyuma na sebule, yakaacha mstari ukutani usawa wa godoro. Tumemkuta amekaa juu ya meza, miguu hewani, kama mtoto wa shule.

"Nyie ndio mafundi?"

"Ndio sisi, Mama," mkwe wangu akasema.

"Karatasi ya bima mnayo? Jirani yangu hapo, fundi cherehani, kanionya nisimruhusu mtu kugusa ukuta bila hiyo."

Nikaitoa. Akaupapasa mhuri, akatikisa kichwa kuridhika. "Miwani yangu imekwenda na maji. Nisomee, mzee mwenzangu. Yote, usinifiche."

Mkwe wangu akanitazama. Ni mtazamo wa mtu anayekupa mkate huku akikumbusha nani alinunua unga.

Nikasoma. Mimi husoma kwa kidole, polepole, na kwa kweli nilijiona mkubwa. Jina la kampuni ya bima nililisoma sawasawa. Moto, maji, kuanguka kwa dari, nikasoma sawasawa, nikaongeza na radi, ambayo haimo. Nikafika mahali palipoandikwa "Mwenye bima". Hapo lipo jina la Shati Jeupe, majina matatu, kwa wino mweusi. Kidole changu kikakaa juu ya jina lake, mdomo wangu ukasema jina la mkwe wangu.

"Rudia hapo."

Nikarudia.

"Sawa," akasema. "Anayeweka jina lake kwenye karatasi ni mtu. Ingieni."

Jioni mkwe wangu amenipiga begani. "Baba, wewe ni hatari!" Ni mara ya kwanza mwaka huu kunigusa. Nikacheka, na yeye akacheka, meno yakarudi yote. Cheti kimerudi saa kumi na moja.

Machi 12

Tumeng'oa dari. Panya wawili na kiatu kimoja cha mtoto. Mama Mkunga kasema kiatu hakimhusu, panya anawafahamu.

Machi 13, Ijumaa

Nilikuwa kwenye ndoo yangu namcheka fundi wetu mmoja aliyeteleza na karai la chokaa. Mama Mkunga akatokea mlangoni.

"Hicho kicheko nimekisikia wapi? Una watoto wewe?"

"Binti mmoja. Ndiye mke wa fundi mkuu."

"Ana miaka mingapi?"

Nikamwambia. Akapanda kiti, kwa umri ule, akashusha kutoka juu ya kabati kitabu kikubwa kilichofungwa kwa nailoni. Mafuriko yalipoanza, hicho ndicho alichookoa kabla ya miwani. Ndani yake ameandika kila mtoto aliyepita mikononi mwake, siku, uzito, na alichokiona. Hakuweza kusoma, lakini kurasa anazijua kwa madoa. Akafungua, akahesabu nyuma kutoka kwenye doa la iodini, akanisogezea. "Soma hapo katikati."

Imeandikwa hivi, nimeinakili: *Mtoto wa kike, kilo tatu kasoro. Mama hakulia. Baba amezimia mlangoni, amepewa maji.*

"Ni wewe!" akapiga kelele. "Bwana Zimia! Ulipozinduka ulicheka hivyo hivyo, kama bata, ukasema ulikuwa unapumzika!"

Alicheka mpaka akakalia ndoo yangu. Nami nilicheka. Kisha nikausoma tena ule mstari peke yangu. Marehemu mke wangu ana miaka sita sasa ardhini, na picha yake moja iliyokuwepo iliozea kwenye unyevu wa chumba cha uani. Pale yupo kwa maneno mawili. Mama hakulia. Ni kweli, hakuwa mtu wa kulia. Kazi hiyo aliniachia mimi niifanye.

Machi 14

Cheti kimetoka, kimerudi. Mama Mkunga sasa ananiita Bwana Zimia mbele ya mafundi wote. Mafundi nao wameanza.

Machi 16

Mvua. Kuta hazikauki. Mkwe wangu ameahidi nyumba mbili nyingine na ana mashine ya moja. Anazunguka kama kuku aliyekatwa kichwa.

Machi 18

Ameleta hita tatu za umeme za kuazima, akazipanga chumba cha nyuma pamoja na feni mbili, zote kwenye ekstensheni moja, na waya akaupitisha chini ya mkeka mbichi ili watu wasijikwae. Nimeugusa ule waya. Una joto la mkono wa mgonjwa. Nikamwambia.

"Baba, wewe sikiliza feni."

Nimesikiliza feni.

Machi 19, Alhamisi

Mwandiko umeharibika, atakayesoma anisamehe.

Leo cheti kilikuwa kwangu, maana fundi cherehani alitaka kukiona, nasi tunataka atupe kazi ya dari yake. Alikuwa bado hajarudi sokoni. Mama Mkunga alikwenda kumsubiri huko kwa jirani, akajilaza kidogo. Mkwe wangu na mafundi walikuwa nyumba nyingine. Nilibaki mimi, ndoo, feni mbili na hita tatu.

Saa nane mchana simu ikalia. Shati Jeupe.

"Mzee, cheti changu kiko wapi?"

"Kiko kifuani mwangu, kinakusalimia."

"Acha upuuzi. Nina mkaguzi hapa kwenye lile duka kubwa, anataka kukiona sasa hivi. Kilete. Sasa hivi!"

Nikampigia mkwe wangu. Nikamwambia natakiwa kupeleka cheti, je, nizime mashine?

"Usizime! Ukuta ukipoa tunaanza upya. Nenda mbio, urudi."

"Waya una joto, mwanangu."

"Baba! Tukimuudhi yule hatuna cheti. Hatuna cheti, hatuna kazi. Nenda."

Nikafunga mlango, nikaenda. Mvua ilikuwa ya kumwagwa. Nilitembea nusu saa nimekumbatia karatasi ndani ya shati kama mtoto mchanga. Shati Jeupe akaipokea, akaifuta kwa leso yake, akamwonyesha mkaguzi. "Sisi hapa kila kitu kiko sawa, mkuu. Nyumba ya mtu haiguswi bila bima." Akaniambia nisubiri pembeni, huenda mkaguzi akauliza lingine. Nikasubiri. Naandika kwa aibu kwamba nilijiona mtu wa maana, nikiloweka sakafu ya duka lile.

Niliporudi ilikuwa saa kumi. Moshi niliuona kabla sijakata kona. Watu walikuwa na ndoo, na mmoja alishika ndoo yangu. Chumba cha nyuma hakipo. Paa limeanguka hadi nusu ya sebule. Mashine ya kukausha imekaa katikati nyeusi kama jino bovu.

Hakuna aliyeumia. Naandika hilo mara mbili. Hakuna aliyeumia.

Mama Mkunga alikuwa amesimama mvuani, mikono mbele, viganja juu, kama anayengoja kupokea mtoto. Kabati lilikuwa chumba cha nyuma. Sikuuliza juu ya kitabu. Yeye ndiye aliyeuliza.

"Bwana Zimia, ulikuwa wapi?"

"Nilitumwa, Mama."

Nilitumwa kupeleka karatasi inayosema nyumba yake iko salama. Hilo sikumwambia.

Kisha akaweka kiganja kifuani mwangu, pale ilipokuwa plastiki. "Haidhuru," akasema. "Karatasi si tunayo? Umenisomea mwenyewe. Moto umo."

Machi 20

Shati Jeupe amekuja nyumbani. Amekaa kwenye kochi la binti yangu na kutandika leso kabla ya kukaa.

"Mimi sijawahi kuwaona," akasema. "Nanyi hamjawahi kuniona. Cheti changu hakijatoka ofisini kwangu tangu mwaka uanze. Tumeelewana?"

"Tumeelewana," mkwe wangu akasema.

"Na mzee?"

"Mimi sasa hivi naongea na kochi," nikasema. "Mtu simwoni."

Alipoondoka mkwe wangu akanigeukia. Sura yake ilikuwa ya mtu aliyelala na homa. "Baba, lile daftari. Liko wapi?"

"Lilikuwa juu ya kabati la Mama Mkunga. Limeungua."

"Lote?"

"Daftari huwa haliungui nusu, mwanangu."

Alishusha pumzi ndefu. "Vizuri," akasema. Vizuri! Basi tangu leo naandika ndani ya daftari lililoungua. Nalificha tumboni mwa ile mashine iliyoteketea, waliyoitupa uani. Hakuna atakayeifungua.

Machi 22

Binti yangu kaja chumbani kwangu, kakaa juu ya kopo la rangi. "Baba, ukimwaga mtama, baba wa wanangu anafungwa."

Nikamwambia juu ya kile kitabu, juu ya ule mstari. Alisikiliza. Akauliza, "Mama hakulia kweli?" Nikasema hakulia. Akajifuta macho kwa kanga, akasimama, akasema, "Wewe bado hujanijibu."



Machi 25

Nimekwenda kumsaidia Mama Mkunga kuchambua majivu. Amehamia kwa fundi cherehani, analala chini ya meza ya kukatia nguo. Fundi cherehani amemwandikia barua kwenda kampuni ya bima, na jina la mkandarasi wameliweka lile nililomsomea. Mama Mkunga alinieleza kwa fahari jinsi alivyolikumbuka bila kukosea.

Nimezoa majivu ndoo kumi na moja. Hatukupata hata jalada.

Machi 27

Mvua.

Machi 28

Mvua inaingia nyumbani kwa Mama Mkunga moja kwa moja sasa, haina kizuizi. Mkwe wangu ameshaanza kazi nyumba nyingine. Cheti kimetoka saa mbili, kimekwenda mikononi mwa mwingine. Mimi siaminiki tena.

Aprili 2

Mafundi hawaniiti tena Bwana Zimia. Nilidhani nitafurahi.

Aprili 4

Nimemtazama mkwe wangu akila. Anatafuna kama mtu anayehesabu. Nilikuwa namwona mjanja, na mimi mjanja wa mjanja. Leo nimemwona mtu mwoga tu, na mimi kichekesho chake. Anamwogopa Shati Jeupe, nami namwogopa yeye, kwa sababu ya sahani hii isiyo na chumvi na chumba cha makopo. Hapo katikati kuna mwanamke wa miaka sabini chini ya meza ya cherehani.

Aprili 9, Alhamisi

Barua ya bima imefika. Fundi cherehani alikuwa ametoka, na Mama Mkunga hakuweza kungoja. Nilipoingia na ndoo yangu akanipungia bahasha.

"Bwana Zimia! Njoo unisomee. Wewe ndiye uliyenisomea ya kwanza."

Nikakaa. Nikafungua. Nikaweka kidole.

Barua ni fupi. Wanasema wamepokea madai yake. Wanasema wametafuta katika vitabu vyao vyote na hawana, wala hawajawahi kuwa na, mteja mwenye jina alilolitaja. Kwa hiyo hawana cha kulipa. Chini wameandika kwamba, ikiwa cheti alichoonyeshwa kilikuwa cha mteja wao mwingine, alete jina lake na ushahidi wa maandishi kwamba mteja huyo alikitoa mwenyewe kwa mafundi hao, ndani ya siku kumi na nne.

Ningeweza kuruka. Naapa kidole kilitaka. Ningesema wanaomba subira, zikapita siku kumi na nne, mvua ikaisha, na sote tukabaki na adabu zetu. Nimeisoma yote, pamoja na koma.

Nilisikia cherehani ya jirani wa pili.

"Mimi nimezeeka," akasema, "lakini jina nililisikia vizuri. Nilikuambia urudie. Ukarudia."

"Ulilisikia vizuri, Mama."

"Basi nimewadanganya?"

"Hapana."

"Nani sasa?"

Nikamwambia, hapo hapo, kichwa chini. Jina lililokuwa chini ya kidole na jina lililokuwa mdomoni. Kwamba radi haikuwemo. Kwamba siku ya moto nilikuwa dukani, naonyesha karatasi.

Hakupiga kelele. Alinyoosha mkono, akachukua barua yake, akaikunja mara mbili kwenye mikunjo yake ileile.

"Mbona siku ile hukuzimia?" akasema. "Ungezimia tu mlangoni, ningekupa maji."

Akaniomba niondoke.

Aprili 10, Ijumaa

Leo mvua haijanyesha. Asubuhi nimewaambia. Nilisubiri wamalize chai.

"Daftari halikuungua," nikasema. "Ninalipeleka kwa Mama Mkunga."

Mkwe wangu aliinuka, akakaa, akainuka tena. "Baba, nimekulisha miaka sita!"

"Bila chumvi," nikasema. Mzaha ulitoka wenyewe, haukumchekesha mtu, hata mimi. "Kila siku cheti kilipotoka mikononi mwa Shati Jeupe imo humu, na saa. Uliniambia niandike. Ni kazi pekee uliyonipa niliyoifanya sawasawa. Shati Jeupe hawezi kusema hatujuani. Na wewe ndiye uliyetaka kufanya kazi kwa jina la mtu mwingine, na mimi ndiye niliyesoma jina lako mahali pa jina lake. Tutakwenda wote wawili, mwanangu. Uongo wangu pia nimeuandika, sikukusingizia."

Binti yangu aliinuka. Aliingia chumbani kwangu, akakunja nguo zangu vizuri, moja moja, kama alivyofundishwa na mama yake, akazitia kwenye mfuko na kuuweka nje ya mlango. Macho yake yalikuwa makavu. Alipourudisha mlango nilimwona nusu uso, na ilikuwa sura ileile ya mama yake.

Nimepita kwa mtengeneza miwani. Miwani mpya aliyoagiza Mama Mkunga ilikuwa tayari tangu Jumanne. Naandika haya nimekaa barazani kwa fundi cherehani, juu ya mfuko wangu, kalamu bado ina kamba. Nikimaliza nitabisha hodi, nimpe Mama Mkunga vyote viwili, miwani na daftari.

Mama, kitabu chako hakirudi. Hiki chukua. Ule mstari wako nimeunakili humu, Machi 13, neno kwa neno, ndio uliobaki duniani. Mengine ni upuuzi wangu, usiyaangalie sana. Peleka kwa watu wa bima kabla siku hazijaisha. Sijui kama watalipa. Lakini jina watalikuta, na saa.

Vaa miwani, usome mwenyewe. Mwite mtu akutafsirie mwandiko ukikushinda, lakini asiwe mimi. Na ukifika Machi 11, nenda polepole.